Kwanza Chombo, Kisha Injini

       

Leo nataka tuzungumze juu ya injini ndogo. Sisemi injini ya gari wala ya kinu cha posho. Nasema ile inayopachikwa nyuma ya boti, na hasa ile kuukuu, iliyopita mikono ya watu wawili watatu kabla ya kukufikia wewe. Na swali letu leo ni moja tu. Utajuaje kwamba injini hii inaifaa boti hii? Narudia, maana ndilo swali tutakalotembea nalo hadi mwisho: utajuaje kwamba injini hii inaifaa boti hii?

Ngoja nianze na kisa cha nyumbani.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi upande wa Karungu, kandokando ya Ziwa Victoria. Boti yake ilikuwa ya mbao, futi 25 kutoka pua hadi nyuma, na aliipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe wake wa kwanza. Kwa miaka mingi aliiendesha kwa kasia na tanga. Akaweka akiba, kidogo kidogo, mpaka siku moja akanunua injini ya farasi 40, iliyotumika lakini nzima. Siku ilipofika, ufuo mzima ulishuka kuitazama. Wazee waliipapasa. Sisi watoto tuligombania kuibeba, na haikubebeka, kwa sababu injini ya namna hiyo inaweza kuzidi kilo 70.

Mjomba akaipachika, akavuta kamba, ikawaka. Akafungua mafuta yote. Mnajua kilichotokea? Pua ya boti iliinuka kama mbwa anayebweka, nyuma ikazama, na maji yakaanza kupanda juu ya ule ubao wa nyuma. Akapunguza haraka. Kila alipojaribu kuongeza, hadithi ikawa ile ile. Jirani yake mwenye injini ya farasi 15 alikwenda naye sambamba mpaka kwenye nyavu, ila jirani alirudi na petroli kwenye tangi na mjomba akarudi akikokotwa. Kabla ya msimu kwisha misumari ya nyuma ilikuwa imelegea na mbao zimeanza kuachana. Akaiuza ile injini kwa hasara.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza, mjomba, kosa lilikuwa wapi? Akanijibu: "Nilinunua injini nikasahau kwamba tayari nilikuwa na boti."

Msikilizaji, jibu hilo la mjomba ndilo neno langu la leo. Watu wengi huanza na injini. Wanasikia kuna injini inauzwa, bei nzuri, wanakimbia. Mimi nasema tuanze upande wa pili. Kwanza chombo. Pili kazi ya chombo hicho. Tatu ndiyo injini. Na nne, propela, yaani lile panga la chini linalosukuma maji, ambalo kamusi zetu huliita rafadha. Chombo, kazi, injini, propela. Tuyachukue moja moja.

La kwanza, chombo.

Ukisimama ufuoni Mbita au Sori na kutazama boti zilizovutwa mchangani, utaona hazifanani. Nyingi ni za aina ya Sesse, jina lililotoka kwenye visiwa vya Sesse upande wa Uganda: boti ya mbao yenye mkuku chini na mbavu ndani. Lakini hata hizo ni za namna mbili. Kuna zenye ncha huku na huku, mbele na nyuma. Na kuna zenye nyuma bapa, zimekatwa na kufungwa kwa ubao. Ile ya ncha mbili ni rafiki wa kasia. Maji huachana nayo polepole nyuma, kwa hiyo mpiga kasia hachoki upesi. Ile ya nyuma bapa ilipata umbo hilo ili ibebe injini. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: boti yangu ilijengwa kwa ajili ya nini? Ikiwa ni ya ncha mbili, injini itahitaji kipachiko cha pembeni, na kipachiko cha pembeni hakiwezi kubeba injini nzito bila boti kulala upande mmoja.

Halafu tazama ule ubao wa nyuma. Ubao huo ndio bega la boti. Una unene gani? Umeshikwa na nini? Je, umefungwa kwa mbavu na mkuku, au umepigiliwa misumari tu pembezoni? Injini haining'inii hapo tu, msikilizaji. Injini husukuma. Nguvu yote inayoipeleka boti mbele hupitia kwenye ubao huo, pamoja na mtetemo wake wote, saa baada ya saa.

Pima pia urefu wa ubao kwa kwenda chini. Injini za boti huja na miguu ya urefu tofauti. Mguu mfupi hufaa ubao wa inchi 15 hivi, na mguu mrefu hufaa ubao wa inchi 20 hivi. Chukua futi ya fundi, pima kutoka juu ya ubao hadi chini kwenye usawa wa mkuku. Ukipachika injini, kile kibapa kilicho juu ya propela kiwe sawa na chini ya boti, au kishuke chini yake kidogo tu. Kikiwa juu mno, propela itavuta hewa badala ya maji, nayo injini italia bila kwenda. Kikiwa chini mno, mguu unakuwa breki. Kipimo cha dakika tano, na hakina gharama.

Kuna jambo jingine la chombo ambalo wengi hawaliamini mpaka waone. Boti nzito ina mwendo wake wa mwisho, na mwendo huo unatokana na urefu wake. Katika karne ya 19 alikuwako mhandisi Mwingereza aitwaye William Froude. Miaka ya 1870, huko Torquay, alijengewa birika refu la maji, akawa anavuta humo meli ndogo za mfano ili ajue meli kubwa zitakavyokwenda. Alichokieleza mvuvi yeyote anakijua kwa macho: boti ikienda husukuma wimbi mbele na kuacha wimbi nyuma, na kadiri inavyoongeza mwendo mawimbi hayo hurefuka, mpaka boti inakaa katikati yake kama mtu aliyekaa bondeni. Hapo kila farasi unayemwongeza anajaribu kuipandisha boti mlima wa maji. Boti nzito ya mbao ya futi 25 hufikia bonde hilo kwenye kilomita 12 hivi kwa saa. Kutoka humo kunataka boti nyepesi, yenye tumbo bapa, inayoweza kupanda juu ya maji na kuteleza.

Sasa mnaona mjomba alikuwa wapi? Alikuwa bondeni. Farasi 15 wa jirani walimfikisha jirani kwenye ukingo wa bonde. Farasi 40 wa mjomba walimfikisha pale pale, kisha wengine wote wakafanya kazi ya kuzamisha nyuma na kunywa petroli. Boti ya mjomba haikuwa mbaya, na injini yake haikuwa mbaya. Hazikuwa zimeumbiwa kuishi pamoja.

La pili, kazi.

Boti yako inafanya nini? Swali hili linasikika kama la mtoto, lakini lijibu kwa uangalifu.

Mvuvi wa omena, wale dagaa wa ziwa letu, hutoka usiku na taa zake. Hana haja ya kukimbia. Husogea, hungoja omena wakusanyike kwenye mwanga, huvuta wavu, husogea tena, kisha hurudi alfajiri boti ikiwa imezama karibu ya ukingo kwa mzigo. Huyu anataka injini ya kusukuma, isiyochoka kwenda polepole.

Mvuvi wa mbuta, yaani sangara, ni mtu mwingine. Hutega mbali, wakati mwingine hulala majini, na samaki wake wataharibika asiporudi kwa wakati. Huyu anataka mwendo wa wastani unaodumu, na petroli ya kutosha. Petroli na barafu na wavu vyote ni uzito, na uzito huo lazima uhesabiwe kabla ya kuchagua injini.

Na yuko anayebeba abiria na bidhaa kwenda visiwa vya Mfangano, Takawiri au Remba. Huyu kila safari ana mzigo tofauti: leo watu sita, kesho watu na magunia na kreti za soda. Huyu namwambia, chagua injini kwa siku ya mzigo mzito zaidi unaoruhusiwa kubeba, na usizidishe mzigo kwa sababu tu injini inaweza kuusukuma. Injini inaweza kusukuma boti iliyojaa kupita kiasi hadi katikati ya ziwa. Mawimbi yakija hapo, nguvu ya injini haiongezi hata inchi moja ya ukingo wa boti yako. Na kila abiria avae jaketi la kuokolea, avae mwilini, lisiwe limekaliwa kama mto.

Kwa hiyo, narudia: kwanza chombo, pili kazi. Hapo ndipo tunafika kwenye la tatu, injini yenyewe.

Wacha niwape siri ndogo kuhusu ziwa letu. Ziwa Victoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe, liko juu. Uso wake uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na injini hula hewa pamoja na petroli. Injini hizi za kabureta zikiwa huku hupoteza kama sehemu moja kwa kumi ya nguvu. Farasi 15 walioandikwa kwenye kifuniko, hapa kwetu ni 13 na nusu hivi. Mtu wa Lamu au Kilifi akikuambia, injini yangu inasukuma boti kama yako bila shida, mshukuru, lakini kumbuka yeye anavuta hewa ya pwani.

Na sasa injini kuukuu. Wasikilizaji, mimi siidharau injini kuukuu. Hizi za mapigo mawili ya pistoni, zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, zimelisha familia nyingi za kandokando ya ziwa hili na kulipa karo za shule. Hazina vifaa vingi ndani, fundi wa jua kali anazijua mfupa kwa mfupa, na vipuri hupatikana. Ninachosema ni kwamba injini kuukuu ina tabia zake, na lazima uzijue kabla ya kuioa.

Hapa niruhusuni nitoke ziwani kidogo, nipande hewani.

Huko Marekani na Uingereza kuna mchezo wa kurusha ndege ndogo za mfano zinazofungwa kwa nyaya. Mrushaji husimama katikati ya uwanja ameshika mpini, na kutoka kwenye mpini huo zinakwenda nyaya mbili nyembamba za chuma, urefu wa mita 18 hivi, hadi kwenye ndege. Ndege humzunguka. Akiinamisha mkono, nyaya huvuta kibawa cha mkiani, ndege inapanda au inashuka. Ni mchezo wa subira na mkono mwepesi, na umechezwa tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Wapenzi wa mchezo huo hupenda sana injini za zamani. Miongoni mwa zinazopendwa ni Fox 35, injini ya Kimarekani yenye ujazo usiofika sentimita 6 za ujazo, ndogo kiasi cha kukaa kiganjani. Na ndege iliyopata sifa pamoja nayo miaka ya 1950 inaitwa Nobler, iliyobuniwa na George Aldrich. Kwa nini viwili hivi vilipatana? Kwa sababu Nobler ilikuwa nyepesi, na Fox ilikuwa na nguvu ya kuibeba ndege nyepesi, si zaidi. Propela yake ya kawaida ilikuwa ya inchi 10 kwa 6. Na kwa kuwa ndani yake hakuna gololi za kuzungukia, ni chuma juu ya chuma, injini hiyo ilitaka oili nyingi katika mafuta yake, karibu robo nzima, tena oili ya nyonyo.

Sasa fikiria mtu anaitoa injini hiyo ya zamani na kuitia kwenye ndege nzito ya siku hizi. Itainyanyua kwa shida na kuchemka. Au fikiria anachukua injini mpya nzito yenye nguvu na kuitia kwenye ile ndege nyepesi ya zamani. Pua itakuwa nzito, ndege itakataa kuinuka, na mtetemo utapasua mbao. Au aiweke injini ile ile kwenye ndege ile ile, lakini ailishe mafuta yenye oili kidogo kwa kuwa injini za kisasa hutumia hivyo. Itakwama na kufa.

Je, hamwoni kwamba ni kisa cha mjomba wangu, ila kina mabawa? Chombo, kazi, injini, propela, na chakula cha injini. Kiwe cha hewani au cha majini, sheria ni ile ile. Hata watoto wetu wa ufuoni wanaijua. Mtoto akichonga boti yake ya kuchezea na kuweka jiwe puani, inazama. Akilisogeza nyuma kidogo, inaelea. Hajafundishwa na mtu, maji yamemfundisha.

Basi turudi majini na hicho chakula cha injini. Injini nyingi za boti za kuchanganya oili hutaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli zikishazoea kazi. Maana yake, galoni ya lita 20 inataka mililita 400 za oili. Lakini ziko za zamani zaidi zinazotaka sehemu 1 kwa 25, yaani mililita 800 kwa galoni hiyo hiyo. Na zile British Seagull za Kiingereza za enzi za wakoloni zilitaka sehemu 1 kwa 10. Ukiilisha injini ya 25 chakula cha 50, unaiua kwa njaa ya oili huku ukidhani unaweka akiba. Ukiilisha ya 50 chakula cha 25, itatoa moshi na plagi itachafuka kila mara. Kwa hiyo uliza, soma kibao cha injini, mtafute fundi aliyezoea aina hiyo. Na tumia oili ya injini za boti, si oili yoyote iliyobaki dukani.

Unapoikagua injini kuukuu, fanya haya. Vuta kamba polepole ikiwa imezimwa: je, unahisi pistoni ikikataa, ikisukuma mkono wako? Kama kamba inateleza tu kama inavutwa kwenye ndoo ya maji, ringi zimekwisha. Ng'oa plagi utazame rangi yake: rangi ya ganda la karanga ni njema, nyeupe kama majivu ina maana injini inachemka, nyeusi yenye maji maji ina maana inanyweshwa kupita kiasi. Fungua skrubu ya oili ya gia kule chini: ikitoka kama chai ya maziwa, maji ya ziwa yameshaingia ndani. Kisha iwashe ikiwa majini na utazame mkojo wake. Naam, mafundi husema injini inakojoa: ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma. Injini hizi hupozwa kwa maji ya ziwa lenyewe. Ikikojoa vizuri, iko salama. Ikiacha kukojoa, izime hapo hapo. Na sisi tuliozungukwa na magugumaji tunajua jinsi mizizi yake inavyoziba matundu ya kuingizia maji. Ukipita kwenye magugu, geuka utazame mkojo. Fanya iwe desturi.

Na kabla ya kutoa hata shilingi, uliza karatasi. Namba ya injini ilingane na risiti. Shuka nayo kwa kamati ya ufuo, BMU, waione. Injini nyingi zimeibwa katika ziwa hili, na mwenzako aliyeibiwa bado anapiga kasia. Usiwe wewe uliyempa mwizi soko.

Sasa la nne na la mwisho, propela. Hapa ndipo wengi hupoteza vita wakiwa wameshaishinda.

Propela ina namba mbili. Ya kwanza ni upana wake. Ya pili ni hatua yake. Hatua ni nini? Chukua skrubu, izungushe mara moja kwenye ubao laini: itaingia kiasi fulani. Propela yenye hatua ya inchi 9 ingesonga inchi 9 kwa mzunguko mmoja, kama maji yangekuwa ubao. Maji yanateleza, kwa hiyo husonga pungufu, lakini wazo ni hilo.

Hatua ya propela ni kama gia ya lori. Mmeona lori la miwa la Awendo likikutana na mwinuko? Dereva mwerevu hushuka gia. Anayeng'ang'ania gia kubwa, lori linanung'unika, linatetemeka, mwishowe linazima. Propela ya hatua kubwa ni gia kubwa: inafaa boti nyepesi inayoteleza. Propela ya hatua ndogo ni gia ndogo: inafaa boti nzito inayorudi na omena.

Utajuaje uliyo nayo inafaa? Pakia mzigo wako wa kawaida, si boti tupu. Nenda kwenye maji matulivu, fungua mafuta yote, usikilize. Injini ikinung'unika, ikitoa moshi mweusi na kukataa kupanda mizunguko, hatua ni kubwa mno. Ikilia kama kengele na boti haiongezi mwendo, hatua ni ndogo mno, au mguu uko juu unavuta hewa. Siku hizi kuna vipima mizunguko vidogo vinavyozungushiwa kwenye waya wa plagi. Kama chama chenu cha uvuvi kinaweza kununua kimoja, kitawatumikia nyote. Injini nyingi za kazi hutaka kufika kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 kwa dakika zikifunguliwa zote. Soma kibao cha yako. Ukipunguza hatua kwa inchi 1, mizunguko hupanda kwa 150 hadi 200 hivi. Kubadilisha propela ni kazi ya muda mfupi ufuoni. Kubadilisha injini iliyoungua ni kazi ya miaka.

Wasikilizaji, muda wetu unayoyoma, kwa hiyo nijumlishe. Nimesema nini leo? Nimesema anza na chombo: umbo lake, ubao wake wa nyuma, urefu wake. Kisha kazi: omena, mbuta au abiria, pamoja na uzito wa siku ngumu kabisa. Kisha injini: kumbuka hewa ya ziwa letu, kagua ringi, plagi, oili ya gia na mkojo, na uilishe chakula chake, si cha jirani. Mwisho propela: gia iliyofaa mzigo wako. Na petroli? Manahodha wa zamani wana kanuni yao: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya Mungu akipenda. Theluthi ya tatu usiiguse.

Mama unayemiliki boti na kuwaajiri vijana, maneno haya ni yako pia. Usiachie wanaume wa ufuo wakuchagulie injini kwa sauti yake. Pima ubao mwenyewe. Uliza hatua ya propela. Pesa ni zako.

Na wewe kijana ambaye umeweka akiba kama alivyoweka mjomba wangu, nina ombi moja kwako, dogo lakini ninalisema kwa moyo wote. Siku muuzaji atakapokuja na injini, usimpe pesa pale barabarani. Mwambie tushuke ufuoni. Ipachike kwenye boti yako, pakia mzigo wako, zungukeni naye majini nusu saa. Akikataa, mwache aende nayo. Akikubali, sikiliza kwa masikio yako na utazame ule ubao wa nyuma kama unalia. Mjomba wangu angefanya hivyo, angejua siku ile ile, kabla ya misumari kulegea, na kabla ya akiba ya miaka kuzama.